Muundo na ugumu wa mawe ya figo

Mawe ya figo (pia: vijiwe vya figo) ni vipande vigumu vinavyojengeka ndani ya figo kutokana na chumvi na madini yaliyomo katika mkojo. Baadhi ni madogo kama punje ya mchanga na hutoka bila mtu kujua. Mengine hukua hadi kujaza uwazi wote wa figo. Jina "jiwe" linafaa, kwa kuwa sehemu kubwa ya mawe hayo ni fuwele za madini ambayo mengine hupatikana pia ardhini. Lakini jina hilo linapotosha kwa upande mmoja: linawafanya watu wadhani kwamba mawe yote ni kitu kimoja na kwamba dawa moja inaweza kuyamaliza. Kwa kweli kuna aina kadhaa zenye kemia tofauti, ugumu tofauti na matibabu tofauti.

Makala hii inahusu hasa vitu vinavyounda mawe hayo, ugumu wake, na maana ya mambo hayo kwa mgonjwa. Mifano mingi ni ya Mgeta, tarafa ya Wilaya ya Mvomero katika Mkoa wa Morogoro, upande wa magharibi wa Milima ya Uluguru, kwa sababu miamba, mboga na mbuzi wa huko wanasaidia kueleza mambo ambayo vitabu vingi huyaeleza kwa mifano ya mbali.

Jinsi jiwe linavyoanza

Mkojo ni maji yenye chumvi nyingi zilizoyeyuka. Anayeongeza sukari katika kikombe cha chai anajua kwamba ikifika kiasi fulani haiyeyuki tena, bali inakaa chini ya kikombe. Mkojo nao unaweza kufika hapo, hasa mtu anapokunywa maji machache au kutoka jasho jingi. Tofauti ni kwamba mkojo una vitu vinavyozuia fuwele zisiungane: sitreti, magnesiamu na protini za aina mbalimbali. Kwa sababu hiyo watu wengi wana mkojo uliojaa chumvi kupita kiasi lakini hawapati mawe. Jiwe huanza pale chumvi zinapozidi, vizuizi vinapopungua, na fuwele zinapopata mahali pa kushikilia.

Mahali hapo mara nyingi ni ncha za ndani za figo, ambako mkojo hudondokea kabla ya kushuka kwenye mrija unaoelekea kibofu. Mwaka 1937 daktari Mmarekani Alexander Randall alieleza mabaka meupe ya fosfeti ya kalsiamu aliyoyaona kwenye ncha hizo. Mabaka hayo yamepewa jina lake, na mawe mengi ya oksaleti ya kalsiamu huota juu yake kama kuvu juu ya gogo. Jiwe likikua na kukatika, husafiri na mkojo. Likinasa katika mrija, mkojo hujaa nyuma yake, na hapo ndipo huja maumivu makali ya ubavuni yanayoshuka kuelekea kinena, pamoja na kichefuchefu na mara nyingi damu katika mkojo.

Maumivu hayo yanaposhuka hadi kinenani watu wengi nchini Tanzania huyaita ngiri au chango na kuyatafutia mizizi. Kwa kuwa maumivu ya jiwe huja na kuondoka yenyewe, dawa yoyote iliyonywewa siku ile huonekana imefanya kazi.

Aina za mawe na muundo wake

Takriban mawe manne kati ya matano duniani yana kalsiamu. Yaliyo mengi zaidi ni ya oksaleti ya kalsiamu, ambayo huwa na sura mbili kulingana na kiasi cha maji kilichofungwa ndani ya fuwele zake.

Sura ya kwanza ina molekuli moja ya maji kwa kila molekuli ya oksaleti ya kalsiamu (CaC2O4·H2O). Wanajiolojia huiita weweliti, kwa heshima ya mwanazuoni Mwingereza William Whewell. Jiwe lake ni la rangi ya kahawia iliyokolea, zito kwa ukubwa wake, laini kwa nje au lenye vinundu kama tunda la forosadi. Likikatwa linaonesha tabaka na mistari inayotoka katikati kwenda nje, kama gogo lililokatwa kwa msumeno.

Sura ya pili ina molekuli mbili za maji (CaC2O4·2H2O) na huitwa wedeliti, kutokana na Bahari ya Weddell karibu na Antaktika, ambako madini haya yalipatikana katika matope ya sakafu ya bahari. Rangi yake ni njano hafifu, na uso wake umejaa ncha kali za fuwele zenye umbo la piramidi mbili zilizogusana kwa kitako. Katika hadubini fuwele zake changa huonekana kama bahasha ndogo iliyofungwa. Wedeliti haitulii: kadiri muda unavyopita inaweza kupoteza maji na kugeuka weweliti, kwa hiyo mawe mengi yana zote mbili.

Mawe ya fosfeti ya kalsiamu ni ya aina mbili kuu. Apatiti ni madini ya jamii ileile inayounda mifupa na meno. Katika figo mara nyingi huwa na kaboneti ndani yake na huonekana kama unga mweupe uliogandamana. Brushiti ni adimu zaidi, lakini inajulikana kwa ukaidi wake, kama itakavyoelezwa. Mawe ya fosfeti hupendelea mkojo usio na asidi nyingi.

Struviti ni fosfeti ya magnesiamu na amonia. Haya ndiyo mawe ya maambukizi. Bakteria kama Proteus mirabilis wana kimeng'enya kinachovunja yurea na kutoa amonia. Mkojo hupoteza asidi yake, na struviti pamoja na apatiti hujitenga kwa kasi. Jiwe hilo linaweza kujaza matawi yote ya uwazi wa figo ndani ya majuma au miezi michache. Vitabu vya Ulaya hulifananisha na pembe za mnyama wa huko zenye matawi. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, ambaye paa na swala wake hawana pembe za namna hiyo, mfano ulio karibu zaidi ni tangawizi bichi. Bakteria huishi ndani ya jiwe lenyewe, na kwa hiyo dawa za antibiotiki peke yake haziwamalizi. Wanawake hupata mawe haya zaidi ya wanaume kwa sababu hupata maambukizi ya njia ya mkojo mara nyingi zaidi.

Asidi ya yuriki huunda mawe ya rangi ya manjano hadi nyekundu kama tofali. Hutokea mkojo ukiwa na asidi nyingi mfululizo, yaani pH ikiwa chini ya 5.5, na yanahusiana na unene, kisukari, jongo, ulaji mwingi wa nyama na upungufu wa maji. Hayaonekani kwenye eksirei ya kawaida, jambo ambalo limewahi kuwafanya wagonjwa wengi waambiwe kwamba hawana jiwe.

Sistini ni asidi amino yenye salfa. Mawe yake hupatikana kwa watu waliorithi kasoro kutoka kwa wazazi wote wawili, na ni kama moja tu kati ya mawe mia. Fuwele zake ni bapa zenye umbo la pembesita lililonyooka kabisa, kiasi kwamba anayeziona katika hadubini hahitaji kipimo kingine kuzitambua. Jiwe lake linang'aa kama nta.

Kuna pia mawe yasiyo ya kawaida: ya zanthini, ya dawa fulani zinazoganda katika mkojo (indinavir, iliyotumika dhidi ya VVU, ndiyo inayojulikana zaidi), na ya yureti ya amonia, ambayo zamani yaliwapata sana watoto waliokula nafaka tupu bila maziwa wala nyama. Haya ya mwisho hukaa zaidi katika kibofu kuliko katika figo.

Jiwe moja mara nyingi lina zaidi ya aina moja. Kiini kinaweza kuwa apatiti, mwili ukawa weweliti, na ganda la nje wedeliti. Kati ya fuwele kuna pia kiasi kidogo cha protini na vitu vingine vya mwili vinavyofanya kazi ya gundi.

Ugumu kwa kipimo cha Mohs

Mwaka 1812 Mjerumani Friedrich Mohs alipanga madini kumi kwa kufuata lipi linakwaruza jingine. Talki ni 1, jasi 2, kalsiti 3, fluoriti 4, apatiti 5, feldspa 6, kwatsi 7, topazi 8, korundi 9 na almasi 10. Ukucha wa mtu uko kwenye 2.5 hivi, na kioo cha dirisha karibu 5.5.

Kwa kipimo hicho madini ya mawe ya figo si magumu hata kidogo. Asidi ya yuriki iko kati ya 1 na 2, struviti kati ya 1.5 na 2, brushiti 2.5, weweliti kati ya 2.5 na 3, wedeliti 4 na apatiti 5. Mkazi wa Mgeta anaweza kulinganisha na miamba ya milima yake. Ulanga, ule unaomemeta katika udongo wa njiani na ambao ulichimbwa katika Milima ya Uluguru tangu enzi ya utawala wa Wajerumani, una ugumu wa 2.5 hadi 3, sawa kabisa na weweliti. Marumaru ni 3. Garneti, ile yenye wekundu wa damu iliyotawanyika katika mawe mengi ya Uluguru, inafika 7. Yakuti nyekundu inayochimbwa Matombo, upande wa mashariki wa milima hiyohiyo, ni korundi, yaani 9. Jiwe la figo la kawaida lingekwaruzwa na karibu kila jiwe la barabarani kutoka Mzumbe hadi Nyandira.

Hapa mwanafunzi makini atauliza swali. Ikiwa apatiti ina 5 na weweliti chini ya 3, mbona madaktari husema kwamba mawe ya weweliti ndiyo magumu na yale ya apatiti husagika kirahisi?

Jibu ni kwamba ugumu wa madini si ugumu wa jiwe. Kipimo cha Mohs hupima fuwele moja. Jiwe la figo ni jengo la maelfu ya fuwele, na nguvu ya jengo hutegemea jinsi zilivyopangwa. Rundo la mchanga ni kwatsi yenye 7, lakini mtoto hulibomoa kwa mguu. Katika meno, apatiti imefungamana vizuri na ni kitu kigumu kuliko vyote mwilini. Katika figo, apatiti ileile ni unga wenye vitundu, unaopondeka kwa vidole. Wedeliti nayo hukua kama fuwele kubwa zilizoegemeana zikiwa na nafasi kati yake, kwa hiyo jiwe lake humomonyoka. Weweliti ni laini kama fuwele, lakini imejengwa tabaka juu ya tabaka bila nafasi, kama ukuta uliojengwa na fundi mzuri.

Kukwaruzika na kuvunjika

Kuna jambo la pili, na hili limewasumbua hata wataalamu. Kitu kinaweza kuwa laini na bado kikakataa kuvunjika. Chukua kipande cha ulanga na kipande cha kioo. Kioo ni kigumu zaidi, kwa maana kinaukwaruza ulanga bila shida. Vipige vyote kwa nyundo: kioo kinakuwa vumbi na vigae, ulanga unapinda, unachanika na kutoa karatasi nyembamba, lakini hautawanyiki. Kioo ni kigumu lakini chepesi kuvunjika. Ulanga ni laini lakini ni mkaidi.

Sistini ndiyo ulanga wa mawe ya figo. Kwa kukwaruza ni laini kuliko weweliti, lakini mawimbi ya kuvunja mawe yanapolipiga jiwe la sistini, nguvu nyingi humezwa kwa kulibonyeza badala ya kulipasua. Brushiti na weweliti hukaidi kwa sababu nyingine: ni mazito na hayana nyufa za kuanzia. Kinyume chake, asidi ya yuriki, wedeliti na struviti kwa kawaida huvunjika vizuri.

Jambo hili lilipata umuhimu baada ya tarehe 7 Februari 1980, siku ambayo mjini Munich, Ujerumani, Christian Chaussy na wenzake walimtibu mgonjwa wa kwanza kwa mawimbi ya mshtuko yanayotoka nje ya mwili. Mashine hulenga mawimbi kwenye jiwe kupitia ngozi na nyama bila kupasua. Wimbi linapoingia katika jiwe na kutokea upande wa pili, hulivuta na kulibana kwa zamu, na viputo vidogo vya mvuke vinavyopasuka katika mkojo hulichimba kwa nje. Baada ya mapigo elfu moja au mbili, jiwe linalokubali hugeuka mchanga. Lisilokubali hubaki vipande vikubwa viwili au vitatu, ambavyo vinaweza kunasa katika mrija na kumwacha mgonjwa katika hali mbaya kuliko ya mwanzo. Kujua aina ya jiwe mapema humwokolea mgonjwa fedha na maumivu ya matibabu yasiyofaa.

Kipimo kinachosaidia ni CT skani. Mashine hiyo huonesha jinsi jiwe linavyozuia miale na kutoa namba katika vipimo vya Hounsfield. Asidi ya yuriki kwa kawaida haifiki 500. Weweliti na brushiti mara nyingi hupita 1,000. Jiwe linalopita 1,000 lina nafasi ndogo ya kuvunjika kwa mawimbi, na daktari anaweza kuchagua leza, inayopitishwa kwa kamera nyembamba kupitia njia ya mkojo, au kutoboa tundu dogo mgongoni na kulitoa jiwe moja kwa moja. Leza haijali sana ukaidi wa jiwe, kwani huliunguza.

Nchini Tanzania huduma za kuvunja mawe bila upasuaji mkubwa zimeanza kupatikana katika hospitali kubwa za umma, zikiwemo Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mjini Dar es Salaam na Hospitali ya Benjamin Mkapa mjini Dodoma. Mgonjwa wa Mgeta huanzia kituo cha afya, akapitia Morogoro mjini, kisha akapewa rufaa. Safari hiyo ina gharama, na ndiyo maana dawa ya chupa inayouzwa sokoni kwa ahadi ya kuyeyusha mawe inavutia.

Je, mawe huyeyuka?

Baadhi huyeyuka, mengi hayayeyuki. Tofauti iko katika kemia, si katika uzuri wa dawa.

Asidi ya yuriki huyeyuka. Mkojo wenye pH ya 7 hubeba asidi hiyo mara kumi au zaidi ya mkojo wenye pH ya 5. Daktari akimpa mgonjwa potasiamu sitreti au sodiamu baikaboneti na kuhakikisha pH inabaki kati ya 6.5 na 7, jiwe la asidi ya yuriki linaweza kuisha lenyewe kwa majuma au miezi bila kuguswa na chombo. Sistini nayo hupungua kwa njia hiyo pamoja na maji mengi na dawa maalumu, ingawa kwa shida. Zaidi ya hapo orodha inakwisha. Oksaleti ya kalsiamu, ambayo ndiyo ya wagonjwa wengi, haiyeyuki kwa dawa yoyote ya kunywa inayojulikana.

Watu wengi huamini ndimu na siki. Imani hiyo ina chanzo kinachoeleweka: ganda la yai likiwekwa katika siki hutoa mapovu na kulainika, na ukoko mweupe wa birika huondoka kwa ndimu. Lakini ganda la yai na ukoko wa birika ni kaboneti ya kalsiamu. Oksaleti ya kalsiamu ni kitu kingine, na aliyefanya majaribio ya kutambua chumvi katika maabara ya sekondari atakumbuka kwamba mashapo meupe ya oksaleti ya kalsiamu hayayeyuki katika asidi ya ethanoiki, ambayo ndiyo asidi ya siki. Yanahitaji asidi kali ya madini, ambayo hakuna anayeweza kuinywa akabaki hai.

Isitoshe, ndimu iliyonywewa haifiki kwenye figo ikiwa asidi. Mwili huichoma sehemu kubwa ya sitreti yake na kubakiza baikaboneti, na mkojo hupungua asidi badala ya kuongezeka. Kwa njia hiyo maji ya ndimu au limau yana faida ya kweli: huongeza sitreti katika mkojo, na sitreti huzuia fuwele mpya. Ni kinga dhidi ya jiwe lijalo, si nyundo ya kulivunja lililopo.

Mwenye jiwe dogo lisilofika milimita 5 ana uwezekano mkubwa wa kulitoa mwenyewe kwa njia ya mkojo, awe amekunywa dawa ya mitishamba, chai ya nywele za mahindi au maji matupu. Hapo ndipo sifa za dawa nyingi zinapotoka. Hatari iko kwa mwenye jiwe kubwa. Jiwe lililonasa linaweza kuacha kuuma huku likiendelea kuziba. Figo iliyozibwa kwa majuma mengi hudhoofika na inaweza kufa kimyakimya, na mgonjwa akadhani amepona. Dalili zisizotakiwa kungojewa hata siku moja ni homa au kutetemeka pamoja na maumivu ya ubavu, kutopata mkojo kabisa, na maumivu kwa mtu mwenye figo moja. Maambukizi nyuma ya jiwe lililoziba yanaweza kuua kwa saa chache, na tiba yake ni kuuondoa mkojo uliozuiliwa kwanza, kabla ya kulifikiria jiwe.

Kulitambua jiwe

Njia ya uhakika ya kujua muundo ni kulipata jiwe lenyewe. Mgonjwa hushauriwa kukojolea kwenye kichujio, hata kipande safi cha kitambaa chepesi, na kuhifadhi punje yoyote ikiwa kavu katika chombo kidogo. Si lazima iwe kubwa. Maabara zenye vifaa hupitisha miale ya infraredi katika unga wa jiwe, na kila madini hunyonya miale kwa namna yake. Nyingine hutumia eksirei zinazotawanywa na fuwele.

Kabla ya vifaa hivyo yalikuwepo majaribio ya kemia ambayo bado yanafundisha. Unga wa asidi ya yuriki ukikaushwa pamoja na asidi ya naitriki, kisha ukaongezewa amonia, hutoa rangi ya zambarau. Jiwe lenye kaboneti hutoa mapovu likidondoshewa asidi. Jiwe la sistini likiunguzwa hutoa harufu ya salfa. Majaribio haya ni ya maabara, si ya jikoni.

Mahali ambapo hakuna kipimo chochote, pH ya mkojo yenyewe ni fununu nzuri. Karatasi ya kupimia ni rahisi kupatikana. Mkojo ulio chini ya 5.5 kila asubuhi huelekeza kwenye asidi ya yuriki, na ulio juu ya 7 pamoja na maambukizi huelekeza kwenye struviti.

Mlo na maji katika Mgeta

Mgeta inajulikana kwa mboga zinazoteremshwa kwa magari hadi masoko ya Morogoro na Dar es Salaam: kabichi, karoti, njegere, koliflawa, saladi, viazi mviringo. Mtu aliyewahi kupata jiwe la oksaleti mara nyingi huambiwa aache mboga, na katika nyumba ya mkulima agizo hilo ni kama kuambiwa aache kula. Halina msingi. Kabichi, njegere na koliflawa zina oksaleti kidogo, na mboga kwa jumla huongeza sitreti na potasiamu katika mkojo. Zenye oksaleti nyingi ni chache: mchicha, spinachi, bitiruti na majani yake, karanga na korosho. Hata mchicha ukichemshwa na maji yake kumwagwa hupoteza sehemu nzuri ya oksaleti.

Kosa kubwa zaidi ni kuacha maziwa. Kwa kuwa jiwe lina kalsiamu, watu hudhani maziwa ndiyo yanayolijenga. Utafiti umeonesha kinyume: wanaokula kalsiamu ya kutosha katika chakula hupata mawe machache kuliko wanaoinyima miili yao. Kalsiamu ya maziwa hukutana na oksaleti ya mchicha ndani ya utumbo, zinashikana hapo na kutoka na choo, zisifike kwenye figo. Mgeta ina bahati katika hili. Tangu miaka ya 1980 mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norwei walipelekwa huko kupitia chuo cha kilimo cha Morogoro, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na kaya nyingi za Nyandira na vijiji jirani zimefuga vizazi vyao. Kikombe cha maziwa ya mbuzi pamoja na mlo wenye mchicha ni mchanganyiko mzuri kwa figo. Vidonge vya kalsiamu vinavyomezwa bila chakula ni jambo tofauti, na mwenye mawe asivitumie bila ushauri.

Chumvi ya mezani inastahili lawama zaidi ya maziwa, kwani sodiamu nyingi huisukuma kalsiamu kutoka mwilini kupitia mkojo. Nyama nyingi na pombe huongeza asidi ya yuriki.

Juu ya yote ni maji. Lengo linalopendekezwa ni kunywa kiasi cha kutoa lita 2 hadi 2.5 za mkojo kwa siku. Baridi ya Mgeta ina hila yake hapa. Mkulima anayepanda matuta akiwa na jembe au mzigo kichwani hupoteza maji kwa jasho na pumzi, lakini hewa ya baridi haimletei kiu kama ambavyo jua la Kilosa au Dar es Salaam lingemletea. Rangi ya mkojo ni mwongozo bora kuliko kiu: ukiwa wa rangi ya chai, maji hayatoshi. Bila kinga yoyote, karibu nusu ya waliowahi kupata jiwe hupata jingine ndani ya miaka kumi.

Historia ya ujuzi

Mwaka 1901 wanaakiolojia walipata jiwe la kibofu katika kaburi la El Amrah, Misri, la mtu aliyekufa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Lilihifadhiwa London, likaharibiwa kwa mabomu mwaka 1941.

Kemia ya mawe ilianza mwaka 1776, Carl Wilhelm Scheele wa Uswidi alipogundua asidi ya yuriki katika mawe ya kibofu. Mwaka 1797 Mwingereza William Hyde Wollaston alionesha kwamba kuna mawe ya aina mbalimbali, na mwaka 1810 akaeleza aina mpya kutoka kibofu, ambayo baadaye iliitwa sistini. Jina hilo limetokana na neno la Kigiriki la kibofu. Ndiyo asidi amino mojawapo ya mwanzo kabisa kutambuliwa, na ilitoka katika jiwe la mgonjwa. Struviti ilielezwa mwaka 1845 na Georg Ludwig Ulex, aliyeipata mjini Hamburg katika udongo wenye samadi ya zamani chini ya kanisa lililokuwa likijengwa upya, akaipa jina la Heinrich von Struve.

Mawe kwa mifugo

Mbuzi nao hupata mawe ya njia ya mkojo, na ugonjwa huu unawahusu wafugaji wa Mgeta moja kwa moja. Huwapata zaidi madume, hasa waliohasiwa wakiwa wadogo, kwa sababu njia yao ya mkojo ni nyembamba na ina mikunjo. Jiwe la kawaida kwa mbuzi anayelishwa pumba na nafaka nyingi ni struviti. Kwa mbuzi haihitaji maambukizi. Hutokana na fosforasi nyingi ya pumba isiyolingana na kalsiamu. Mbuzi anayelishwa majani ya jamii ya kunde kwa wingi hupata zaidi mawe ya kalsiamu. Dume mwenye jiwe husimama akijikamua, hulia, hupiga teke tumbo lake, na mkojo hutoka matone au hautoki kabisa. Kibofu kinaweza kupasuka ndani ya siku mbili au tatu. Kupunguza pumba, kuongeza majani, kuweka maji safi wakati wote na chumvi ya kulamba ili mnyama anywe zaidi ndizo njia za kukinga. Chumvi inayomdhuru mwenye mawe humsaidia dume wake, kwa kuwa kwa mbuzi kinachotakiwa ni kiu.